Suruali ya Kwenda Kuajiri Watu

Jiko la mke wangu lilianguka Jumapili mchana tukiwa mezani. Halikuanguka kwa kishindo. Lilishusha pumzi, likainamia upande wa migomba kama mtu aliyechoka kupanga foleni, kisha ukuta mmoja ukakaa chini na mabati yakaufuata polepole. Kuku wakatoka ndani na hasira zao. Mke wangu aliweka kijiko mezani akatazama, lakini hakulitazama jiko. Alinitazama mimi.

"Nilikuambia nguzo zimeliwa na mchwa."

"Uliniambia," nikakubali. Alikuwa ameniambia msimu wa mvua uliopita, na ule wa kabla yake.

Kwa watu wengine jiko kuanguka ni jiko kuanguka, mnapika barazani maisha yanaendelea. Kwetu haikuwa hivyo, maana Jumamosi ya wiki iliyofuata mama mkwe alikuwa anakuja. Hajawahi kukanyaga kwangu tangu nimwoe binti yake, na mtoto wetu wa kwanza sasa ananyoa ndevu. Mara ya kwanza alifiwa, mara ya pili mvua ilikata njia, na sasa magoti yake yalikuwa yameanza kumsumbua. Alimwambia mke wangu kwenye simu kwamba safari hii asipofika, asitarajiwe tena, magoti yamesema.

Na huwezi kumpokea mama mkwe mahali popote tu. Katika ukoo wa mke wangu, mama mkwe haingii nyumba anayolala mkwe wake wa kiume. Hampeani mikono. Hamtazamani usoni. Mkikutana njiani, mmoja wenu anageukia ua na kujifanya anatafuta kitu alichoangusha. Akija kumtembelea binti yake anakaribishwa jikoni, kwa sababu jiko ni la binti, mimi sina mamlaka humo hata ya kufunika sufuria. Humo ndimo atakaa, atakula obusuma, ugali wetu, na kuku wake, atanyoosha miguu. Bila jiko sina pa kumweka.

"Mama yangu hatapikiwa chini ya turubai kama amekuja matangani," mke wangu akasema. Kisha akaondoa sahani, ya kwangu ikiwa bado na chakula.

Sasa niseme kidogo habari zangu, ili msije mkanionea huruma isiyonifaa. Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi nyumbani kupumzika kidogo. Bado napumzika. Natengeneza redio na simu barazani kwangu, viungani mwa mji wa Kakamega, na siku nikienda mjini kununua waya majirani huuliza ni nani mgonjwa. Kuku wangu wote nawajua kwa sauti. Kutwa nzima naketi na redio za watu zikinizungumzia, kwa sababu redio haijapona mpaka umeisikiliza vya kutosha, na ndiyo maana nikawa mtu mwenye habari nyingi kuliko kijiji kizima.

Na habari zilikuwa mbaya. Kila redio niliyoifungua ilisema jambo moja: uchumi wa nchi umepungua kasi, kampuni zinapunguza watu, Nairobi watu wanafunga virago. Redio iliyoletwa ikiwa bubu, nikiifufua, neno lake la kwanza ni kwamba hakuna kazi. Nilikuwa nikitikisa kichwa kwa uchungu na kuweka kifuniko.

Kwa hivyo jiko lilipoanguka, sikuona haja ya haraka. Nilimweleza mke wangu kwa upole, kama mtu aliyesoma.

"Wakati huu vibarua wamejaa. Hawana kazi. Tukingoja siku mbili tatu, watakuja wenyewe hapa mlangoni kuomba."

"Baba watoto, watu wako kazini."

"Kazi gani? Husikii redio?"

"Mimi nawapelekea chapati. Nawaona na macho."

Hilo nalo nilikuwa nalisikia. Mke wangu huuza chai na chapati kwenye maeneo ya ujenzi, na kwa muda alikuwa akitoka mapema na kurudi na ndoo tupu. Mimi niliona ndoo tupu nikadhani amepunguza unga. Nilipoambiwa anakaanga mara mbili ya zamani, nikasema labda watu wenye huzuni hula sana.

Siku zikapita. Hakuna aliyekuja mlangoni kuomba kazi, isipokuwa kuku mmoja aliyetaka kurudi jikoni. Ilipofika Jumatano mke wangu aliacha kunisemesha, na mke wangu akinyamaza hata redio huonekana kama inapiga kelele za bure. Nikaamua Alhamisi nitakwenda mjini mwenyewe, nichague watu.

Hapo ndipo akili yangu ya kidato cha nne ikafanya kazi. Niliwaza hivi: nikienda nimevaa vizuri, wataniona mtu wa uwezo, watanipandishia bei. Kwa hivyo nikachukua shati langu la kupakia rangi, lililobaki na nusu ya kola, na suruali ambayo mke wangu alikuwa ameshaiondolea zipu akaitia kwenye nguo nyingine. Nikaifunga kwa kamba. Kwa nyuma ilikuwa na tundu la ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai, lakini nani ananitazama nyuma? Nikabeba na jembe jipya na sururu, vya kuwapa hao vibarua. Nikajitazama kwenye kioo cha dirisha nikaridhika. Nilionekana maskini kabisa.

Mke wangu alinitazama nikipita. "Unaenda kuajiri au kuombewa?"

Ndilo neno la kwanza alilonipa tangu jana yake. Nikalichukua nikaondoka nalo.

Vibarua wa mjini hukaa kando ya barabara inayotoka kuelekea kaskazini, kwenye ukuta mfupi. Tangu utotoni mwangu ukuta ule una watu, majembe kati ya magoti, wakingoja gari lisimame. Nilikuwa nimejitayarisha kwa rabsha. Nilikuwa hata nimetunga maneno ya kuwatuliza: ndugu zangu, nawahitaji wachache tu, wengine msikate tamaa.

Nilipofika, ukuta ulikuwa mtupu.

Nilisimama pale nikadhani nimekosea njia. Niliutazama ukuta kama mtu anayetazama kitanda cha hospitali alipomwacha mgonjwa wake, sasa kimetandikwa. Yale mawe yaliyosuguliwa na suruali za watu miaka na miaka yalikuwa yanang'aa kwa jua, hakuna wa kuyakalia. Nilihesabu jumla ya viumbe waliokuwepo: mimi, na mama mmoja wa chai aliyekuwa akifunga chupa zake kwenye kikapu.

"Mama, shikamoo. Leo ni sikukuu?"

"Sikukuu gani? Watu wameenda kazi."

"Wote?"

"Wote. Umechelewa. Hata wale wavivu wamechukuliwa." Akanikagua toka juu hadi chini, akasikitika. "Yule mlevi wa hapa unamjua? Aliyekuwa analala pale kwa mtaro? Amechukuliwa tangu mwezi jana. Sasa ni msimamizi."

Nikakaa kwenye ukuta. Nchi nzima redio inalia hakuna kazi, na Kakamega mlevi wa mtaroni ni msimamizi. Nilikuwa nimekaa hivyo, jembe kati ya magoti bila kukusudia, mdomo wazi, pikapu moja ilipokata kona na kusimama mbele yangu kwa breki za hasira.

Aliyekuwa kwenye usukani ni mwanamke kijana, kofia ya ujenzi kichwani, penseli sikioni. Baadaye nilikuja kujua ni fundi aliyesomea ujenzi chuo cha ufundi cha Sigalagala, na kwamba kabla ya hapo alikaa miaka nyumbani akiuza maziwa kwa kukosa kazi. Wakati ule nilichojua ni kwamba ananionyesha kidole.

"Wewe wa jembe! Unangoja gari la harusi? Panda!"

"Dada, hapana, mimi natafuta watu wa kazi."

"Hata mimi. Panda."

"Hunielewi. Mimi ndiye mwajiri."

Alinitazama shati, akanitazama kamba ya suruali. Nyuma ya pikapu vijana walicheka mpaka gari likatikisika.

"Mwajiri," akasema kwa heshima kubwa, "watu wote unaowatafuta nimewapeleka mimi. Wako huko kwenye kazi. Ukitaka kuwaona, panda. Ukitaka kulinda ukuta, endelea."

Nilipanda. Nilijiambia nitafika huko, nichague wangu kwa utulivu, nirudi nao jioni. Mpaka tulipopita Butali, na harufu tamu ya kiwanda cha sukari ikatufunika, na trekta za miwa zikatuzuia njia, ndipo nikauliza kijana aliyekaa karibu nami tunakwenda wapi hasa.

"Matete."

Moyo wangu ulianguka kama lile jiko, polepole, ukuta mmoja kwanza.

Matete ni kwa wakwe zangu. Kuna njia nzuri za kwenda kwa wakwe: unavaa koti, unabeba sukari na mkate, unatuma mtu mbele aseme unakuja. Mimi nilikuwa nakwenda nimekaa juu ya mifuko ya saruji, suruali imefungwa kwa kamba, tundu nyuma. Nilimwomba dereva asimame. Akapiga honi kwa mtu mwingine.

Kwenye eneo la kazi nilikuta jambo ambalo sijawahi kuliona. Katikati ya shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa palikuwa na makochi. Seti nzima, ya kitambaa cha maua, pamoja na friji, runinga kubwa ya ukutani isiyo na ukuta, na kitanda kilichosimamishwa wima, vyote chini ya turubai la bluu. Kwenye kochi kubwa ameketi mwanamume wa rika langu, miguu kwenye zulia, zulia kwenye mabua. Kando yake palikuwa na fito za nyumba ndogo, nguzo zimesimama, na watu wengi kiasi kwamba nilidhani kuna kilio. Wengine wanakanyaga udongo kwa miguu, wengine wanachota maji, wengine juu wanapigilia mabati.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza fundi.

"Ametoka Nairobi. Ghala alimokuwa akifanya kazi limefungwa. Amerudi na vitu vyake."

"Pole yake. Si alale kwa mamake kwanza?"

Fundi alinigeukia taratibu. "Wewe ni wa wapi? Mwanamume mzima, ametahiriwa, alale nyumba ya mamake?"

Nikaona aibu, maana sheria hiyo nimekulia ndani yake. Kwetu kijana akishatahiriwa hujengewa simba, nyumba yake ndogo pembeni mwa boma, na tangu siku hiyo halali tena chini ya paa la mzazi. Hata arudi na mvi. Hata arudi na friji. Asipokuwa na simba, analala kwa binamu, kwenye ghala, popote, lakini si kwa mama.

"Sasa fikiria," fundi akaendelea huku akipima mlango kwa utepe. "Hapa tu Matete wangapi wamerudi? Wengine waliondoka wakiwa wavulana, hawakujengewa. Wengine simba zao zilioza wakiwa huko. Kila mmoja anataka nyumba, na anaitaka jana. Nairobi ikifukuza mmoja, mimi naandika watu wa nguzo, wa fito, wa udongo, wa mabati, wa mlango. Na mama wa chapati."

Jembe lilinitoka mkononi. Miezi yote hiyo nimekaa barazani nikiisikiliza nchi ikianguka, na kila kilichoanguka kule kilikuwa kikisimamishwa huku kikiwa simba. Redio haikunidanganya. Ilinihadithia nusu tu, na nusu ya pili ilikuwa inarudi nyumbani kwangu kila jioni na ndoo tupu.

"Basi naomba watu wangu," nikasema. "Wachache tu, nijenge jiko kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo. Nitalipa vizuri."

"Walio wa kulipwa wana kazi mpaka miwa ikatwe tena. Na kukandika ni kazi ya akina mama, na hawa akina mama hawalipwi. Ni zamu. Leo wote kwa huyu, siku nyingine wote kwa yule. Wewe umekandika kwa nani?"

"Sijakandika kwa mtu."

"Basi nani akakukandikie?"

Kukandika hakufanywi na mtu mmoja, mnajua. Ukianza peke yako, ukuta wa kwanza unakauka na kupasuka kabla hujafika wa pili. Kichwani nilimwona mke wangu akimpokea mamake barabarani na kumwambia arudi. Sijui fundi aliona nini usoni mwangu, lakini alininyooshea kidole ndani ya zile fito.

"Ingia ndani, chota udongo, jaza ukuta wa nyuma. Gari linarudi jioni, huna pa kwenda."

Nikaingia. Mtu wa nje anakandika kwa nje, wa ndani anakandika kwa ndani, udongo unakutana katikati ya fito. Nikainama, nikatupa donge langu la kwanza. Nilikuwa nimeupa mgongo ukuta wa mbele, ule ambao bado ulikuwa fito tupu, unaona mpaka barabarani.

Nyuma yangu, kwa chini, nje ya fito, mtu akakohoa. Kikohozi kifupi, kikavu, kinachoishia na kama kicheko.

Kikohozi hicho nakijua. Nimekisikia kwenye simu ya mke wangu miaka yote hii, kabla ya kila salamu. Sikugeuka. Nikakumbuka tundu. Nikageuka. Nikakumbuka kwamba siruhusiwi kumtazama. Nikageuka tena. Mwishowe nilijiegemeza kwa makalio kwenye udongo mbichi wa ukuta wa pembeni, kama mtu aliyegandishwa, na nikabaki hivyo.

Mama mkwe wangu, ambaye mke wangu anaamini amelala kitandani akipakwa dawa magotini, alikuwa ameketi juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa, anakandika sehemu ya chini ya ukuta. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko.

Kisha nikasikia donge la udongo likigonga fito. Pa. Jingine. Pa. Alikuwa anakandika haraka kuliko mtu yeyote pale, na nilichelewa kuelewa kwa nini: alikuwa anajenga ukuta kati yetu. Nami nikapata nguvu. Nikachota kwa mikono miwili nikajaza kwa upande wangu, mgongo kwa mgongo, bila kutazama, mpaka udongo ulipofika usawa wa kiuno changu na tundu likafichika. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii namna ile, wala sidhani nitarudia.

Ukuta ulipofika usawa wa kichwa chake alisema, si kwangu, kwa fundi aliyekuwa juu ya ngazi.

"Fundi. Mwambie huyo mtu wa ndani, nasikia kuna jiko limeanguka huko Kakamega."

Fundi akachungulia. "Mzee, unaulizwa habari ya jiko."

"Mwambie mama," nikasema, "ni kweli. Lilianguka Jumapili."

"Muulize limesimama?"

"Mwambie bado."

"Muulize anangoja nini?"

Watu walianza kuacha kazi kusikiliza. Fundi alishuka ngazi moja. "Kwa nini msiongee wenyewe? Ni ukuta tu."

"Ni mkwe wangu," mama akasema, na pale pale akina mama wote wakapiga kelele ya "yuuu!" na mmoja akafunika uso kwa leso. Yule wa Nairobi alisimama kutoka kwenye kochi lake kwa heshima. Nilitamani wanikandike nikiwa humo humo, bila dirisha.

"Mwambie mama nilikuja kutafuta watu," nikasema. "Na nimekosa. Nilisikiliza redio."

Kikohozi. Kicheko kikafuata, kirefu safari hii, na nikamsikia akijipangusa mikono.

"Wenzangu," akawaambia akina mama, "zamu ijayo ni ya nani?"

"Si ni yako? Ghala lako la mahindi."

"Basi mwende mkakandike jiko la binti yangu. Mimi siwezi kwenda, siwezi kujenga kwa mkwe. Nyinyi mnaweza."

"Na mahindi yako?" mmoja akauliza. "Panya watayamaliza."

"Panya hawajawahi kuniita mama."

Nilisimama nikitaka kukataa. Niliona, bila kumwona, mwanamke mwenye magoti yale akiahirisha ghala lake kwa ajili ya mtu aliyekaa barazani akingoja vibarua wamfuate. Nikasema niruhusiwe nije kumjengea ghala mwenyewe. Kelele ya "yuuu!" ikarudi kwa nguvu zaidi, maana nilikuwa nimeropoka tena: mkwe hapandi paa la mama mkwe wake.

Fundi ndiye aliyenitoa hapo. "Huwezi kujenga kwake, lakini unaweza kujenga kwa wengine badala yake. Ufanye zamu zake mpaka zimrudie. Hawa akina mama watakubali?"

Walijadiliana kidogo kwa kunong'onezana, wakicheka, nadhani juu ya suruali. Wakakubali.

Jua lilipoanza kushuka, nikiwa tayari kupanda pikapu, sauti ya chini ya ukuta iliita mara ya mwisho.

"Fundi. Mwambie huyo mtu, mimi leo sikumwona."

"Mwambie mama hata mimi sikumwona. Nasikia yuko nyumbani, magoti yanamuuma."

"Yanamuuma sana," sauti ikajibu. "Mpaka hawezi hata kutoka."

Jumatatu akina mama wa Matete walijaa nyuma ya pikapu moja wakaja kwetu. Nilikuwa nimetumia siku zote za katikati kusimamisha nguzo mpya na fito, mke wangu akinitazama kama mtu anayetazama mbuzi akipiga pasi. Walikanyaga udongo, wakaimba, wakakandika kuta zote nne kabla ya kivuli kugeuka, wakala chapati zake zote. Alipowauliza nimewapata wapi, walinitazama, wakaangua kicheko, wakasema nimewapata kwenye redio.

Jumamosi mama mkwe alikuja. Nilikaa barazani nimegeukia migomba, kama inavyotakiwa, nikasikia hatua zake zikipita nyuma yangu, nzito, zikisimama, zikiendelea. Nikasikia mlango wa jiko. Nikasikia kiti kikilia. Kisha mke wangu alianza kucheka humo ndani, halafu hakuwa anacheka, halafu alicheka tena, na muda mrefu nikasikia sauti zao mbili tu, na moshi ukaanza kupenya kwenye mabati. Sikuingia. Nilizima redio ya mtu niliyokuwa nikiitengeneza.

Baadaye mke wangu alitoka na sahani yangu mkono mmoja, na mkono wa pili amebeba kitu kilichokunjwa kwenye karatasi.

"Mama amekuletea zawadi." Akakifungua. Ilikuwa suruali. Ya kitambaa kizito, rangi ya kahawia, zipu nzima, mkanda juu yake. Mke wangu aliipima kiunoni kwangu, ikakaa sawasawa. Akaikunjua, akaikunja, akanitazama kwa ule uso aliokuwa nao siku jiko lilipoanguka.

"Baba watoto. Mama hajawahi kukutazama. Saizi yako ameijuaje?"

Nyuma ya ukuta mpya, ambao bado ulikuwa na alama za vidole, mtu akakohoa.

"Labda kwenye redio," nikasema.

Hakuniamini, lakini hakuuliza tena siku hiyo. Jumatatu asubuhi pikapu ilipopiga honi langoni, nilivaa ile ya zamani yenye kamba, kwa sababu ya kahawia ni ya wakwe, nikachukua jembe. Kuna simba mbili Matete zilizokuwa zikiningoja kabla ghala la mama halijapata zamu yake, na wenye simba hizo walikuwa bado njiani kutoka Nairobi.